Barua Niliyojiandikia Mwenyewe

Jumapili, 3 Novemba

Matokeo yametoka. Wastani wangu ni 2.41. Kati ya nne! Nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nimefumba jicho moja. Haukubadilika.

Uzamili wanataka 2.50 kwenda juu. Nimepungukiwa sifuri nukta sifuri tisa. Kitu kidogo hivyo hata sisimizi angekiruka! Nimekaa kitandani na kalamu nikapiga hesabu upya, mara hii kwa yale masomo niliyohudhuria tu. Nimepata 3.20. Kwa hesabu hiyo mimi ni mwanafunzi mzuri sana. Taabu ni kwamba idara haina haja na hesabu yangu.

Baba kaniuliza matokeo vipi. Nikamwambia nimevuka nusu. (Sikudanganya!) Mzee wa watu, mwalimu mkuu mstaafu, akavaa viatu akaenda moja kwa moja kwa kinyozi kutangaza.

Mjomba Kamrul, kaka yake Mama, naye alikuwapo, maana chai ya asubuhi hainyweki kwetu bila yeye. Ana duka la chakula cha kuku karibu na stesheni. Akasema si lazima kila mtu asome hadi macho yatoboke, na kwamba kigoda changu kipo tayari dukani, tarehe mosi Desemba nikakikalie. Duka lile linanuka dagaa waliosagwa. Ukikaa mle saa moja, paka wanakusindikiza hadi nyumbani. Nikienda kule ndiyo basi tena, sitatoka.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimelisoma tangazo la idara hadi yale maandishi madogo ya chini kabisa: aliye chini ya 2.50 anaweza kufikiriwa, akileta barua ya profesa aliye tayari kumsimamia, kisha akafaulu usaili. Usaili ni tarehe 19. Mlango wa uani upo!

Jumatatu, 4 Novemba

Profesa gani sasa? Wawili wakiniona hubadilisha njia. Kabaki Madam Rowshan, mwenye sayansi ya udongo. Miaka thelathini anafundisha, na Jamalpur nzima hakuna anayejua meno yake yakoje. Hanichukii. Hanijui tu. Darasani kwake nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo.

Kwetu profesa haandiki barua ya mapendekezo. Wewe unaandika, yeye anatia saini, mambo yanakwisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikaingia ofisini kwake, kwa hofu nikamsalimu mara mbili, nikaomba. Bila kuinua macho akasema haya, iandike, uilete Jumatano.

Imtiaz, binamu yangu anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliandika ya kwake kwa mistari sita. Mtu ana 3.91 anaandika mistari sita! Nikamcheka. Ukipewa kisu ujikatie nyama mwenyewe, utakata kipande chembamba? Mimi nimeandika kurasa mbili. Nikiisoma machozi yananilengalenga. Laiti ningepata kukutana na kijana huyu.

Jumatano, 6 Novemba

Balaa. Madam aliisoma yote. Nani husoma barua kabla ya kuitia saini? Nilisimama dakika kumi na tano mbele ya meza nikihesabu feni ya dari inazunguka mara ngapi.

Akamaliza, akavua miwani. Akasema kijana huyu hamjui. Angekuwa darasani kwake miaka minne angemkumbuka. Lakini angependa sana kumjua.

Kisha akachukua kalamu nyekundu. Kurasa mbili akazikatakata kama mchicha, zikabaki sentensi nne. Ya kwanza: kila siku huamka kabla ya jua na kwenda mashambani kuchukua udongo. Ya pili: huosha vyombo vya maabara bila kuambiwa. Ya tatu: wakulima wa kando ya mto wanamjua na kumtegemea. Ya nne: hajawahi kusema uongo.

Akasema atasaini sentensi moja moja, kila atakapoiona kwa macho yake. Ambayo hataiona mpaka siku ya usaili, ataifuta. Kwenye ile ya nne kalamu yake ilitua muda mrefu. Akasema hii tuiache mwisho. Barua akaitia mkobani mwake.

Nje Imtiaz akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia imemgusa sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Sentensi ya kwanza. Nilimwomba Mama aniamshe kabla ya jua. Aliniamsha saa kumi na moja. Aliniamsha tena saa kumi na mbili. Saa moja Baba aliniondolea blanketi, akaketi kitandani akanisomea gazeti kwa sauti. Nimeamka saa mbili.

Ujanja ni kupata. Nikaingia bafuni na kopo la tope, nikajipaka suruali hadi magotini na kidogo shavuni. Nikasimama langoni mwa idara nikihema. Madam akafika. Akanitazama kuanzia juu akashuka pole pole. Akasema hongera, tope limefika magotini, na ndala zinang'aa kama za bwana harusi. Umelivukaje shamba, umelitambaa kwa magoti?

Akaingia ndani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka. Mmoja alipiga picha.

Jumapili, 10 Novemba

Sina budi kuandika haya yote, ingawa mkono unasita.

Nilipanga kuhamia sentensi ya pili, maana kuosha hakuhitaji alfajiri. Madam huingia maabara saa tano kamili, hata Jumapili, maana kwetu ni siku ya kazi. Saa nne unusu nikawa mle ndani na mikono ya shati nimeikunja. Tatizo: vyombo vyote visafi. Imtiaz ndiye mwenye funguo na huwa anaosha kila kitu, mtu gani huyu. Nikatafuta. Nyuma, kwenye rafu ya dirishani, nikakuta chupa thelathini na mbili zimejaa maji ya tope. Uchafu ulioje! Nikamwaga. Nikasugua kwa brashi, kwa sabuni, hadi nikaona uso wangu.

Saa tano Madam akaingia. Akaniona, nikajifanya sikumwona, nikazidi kusugua nikipiga mluzi. Akasimama kitambo. Akatoa barua mkobani, akatia saini pembeni ya sentensi ya pili. Saini! Wino wa kweli! Nilitaka kupanda juu ya meza.

Alipotoka tu akaingia Imtiaz. Akaitazama rafu. Akazitazama chupa.

Lile tope lilikuwa kazi yake. Udongo wa mashamba thelathini na mawili, wiki tatu ameuacha utulie apime. Nilingoja anipige. Ingekuwa mimi, ningepiga. Akaketi kwenye stuli, akaishika chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akasema, "Umezisafisha vizuri lakini, ndugu yangu."

Hakumwambia Madam. Nami sikumwambia. Nimejisikia vibaya. Nikikamatwa hujisikia vibaya, hilo nimelizoea, lakini leo hakuna aliyenikamata na bado naumia. Chakula cha jioni nimekiacha. Mama kanishika paji la uso.

Imtiaz kasema jambo moja tu: kesho alfajiri, na siku zote hadi yaishe mashamba thelathini na mawili, mifuko nabeba mimi.

Jumatatu, 11 Novemba

Imtiaz alibisha bati la dirisha gizagiza. Mama akadhani mwizi, akatoka na mti wa kusukumia chapati. Imtiaz akamwamkia kwa adabu zote huku amejikinga kichwa.

Ukungu mzito. Baridi imeingia hadi kwenye meno. Kuvuka mto, kutembea kwenye mchanga, kuchimba, kufunga mfuko, kuandika namba, kubeba. Mashamba matano leo. Mabega yangu yamenisahau kabisa.

Tulipokuwa tunarudi tukakutana na Madam, yuko kwenye matembezi yake ya asubuhi, kajifunika shali, macho tu yako nje. Nikauinua mfuko juu auone. Akasema ameona. Akasema niliandika kila siku, na leo ni siku moja. Siku saba zikitimia atasaini.

Saba! Hata mbingu na nchi ziliumbwa kwa sita.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya nne. Nimegundua kwamba jua huchomoza kila siku, hata nisipokuwepo.

Sentensi ya tatu nilikuwa nimeipangia mbinu safi. Jana nilinunua boksi kubwa la mitai, vile vitamu vya maziwa, nikawagawia wakulima wote wa ng'ambo. Nikawaambia Madam akija akiuliza, semeni mnanijua. Wakala. Wakaapa.

Leo Madam alivuka mto. Kwa makusudi, najua. Akasimama kwenye viazi vya mzee Suruj Mia, akanioneshea kidole akauliza, huyu unamjua? Suruj Mia, sukari ingali ndevuni, akasema atakosaje kumjua, huyu si Imtiaz! Kijana mzuri kabisa, kila siku yupo huku, tena juzi alimponya mbuzi wake.

Mitai yangu, sifa za Imtiaz! Madam aligeuka kutazama mto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baridi, nadhani.

Madam akaondoka, mimi nikabaki kwa hasira, nikamtajia Suruj Mia jina langu. Suruj Mia akaona haya, akanipa chai. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni msomi, kwa nini matuta yake manne ya viazi yamepiga umanjano na mengine ni kijani kibichi. Nilifungua mdomo niseme neno kubwa. Halikuja. Nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole. Kwenye yale manne, urefu wa kiganja tu, udongo mgumu kama kigae, na maji yamesimama juu yake. Kwenye mengine mkono unazama hadi kiwiko. Nikamuuliza kama kuna kitu kizito kimepita hapa. Akapiga paja. Mwaka jana, akasema, matrekta ya matofali yalipita hapa hapa, juu ya matuta sita!

Somo lile Madam alilifundisha mwaka wa tatu nikiwa nimelala nyuma ya nguzo. Inaelekea sikio moja lilikuwa macho. Nikamwambia apasue lile gamba kwa jembe maji yapate njia. Nilifurahi. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi chuoni. Ila jambo moja halijanitoka kichwani. Matrekta yalipita juu ya matuta sita. Kwa nini ni manne tu yaliyougua?

Labda ni jua tu limenichoma utosi.

Jumapili, 17 Novemba

Siku ya saba! Na chupa za Imtiaz zimejaa zote thelathini na mbili.

Suruj Mia alikuwa anatungoja ukingoni na koliflawa kubwa kama kichwa cha mtoto. Mbele ya Madam, aliyekuja kuhesabu siku ya saba, akaniita, "Tutul, mwanangu, hili la kwako, mpelekee mama yako!" Akasema tuta la kwanza amelipasua na maji hayasimami tena, na kaka yake naye anauliza nitapita lini shambani kwake. Madam akatoa barua hapo hapo, akaiweka juu ya mgongo wa Imtiaz, akasaini sentensi ya kwanza na ya tatu.

Mitai imefanya kazi. Ilichelewa tu.

Imebaki ya nne, na imebaki usaili, keshokutwa. Najua wataniuliza mwaka wa pili nilikuwa wapi, kwa sababu mwaka wa pili alama zangu ni aibu tupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nyuma ya kinyozi nikicheza keram, ule mchezo wa kusukuma kete ubaoni kwa kidole. Hilo halisemeki mbele ya maprofesa. Nimekwenda kwa muuza dawa, kanifundisha homa ya matumbo yote: joto linapandaje, ulimi unakuwaje, unalala wiki ngapi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nilifika mahali pa kusikitisha sana, pale ambapo nakaribia kukata roho, ndipo nikasikia kwikwi nyuma ya mlango. Mama! Ati kumbe mwanawe alitaka kufa wala hakumwambia. Amenipikia wali laini wa dengu kama wa mgonjwa, akanilisha kwa mkono wake. Nikashindwa kumwambia ni uongo. Halafu ulikuwa mtamu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwisha. Nimejichimbia kaburi kwa mikono yangu, tena kwa ustadi wa mtu aliyechimba siku saba.

Walikuwa watatu: mkuu wa idara, mzee mmoja mwenye kikohozi, na Madam. Barua iko mbele yake. Mkuu wa idara akaifunua karatasi ya alama zangu kama anafunua sufuria iliyoungua. Akauliza nilichojua atauliza. Mwaka wa pili ulikuwa wapi, kijana?

Nilikuwa nayo yote. Joto, ulimi, wiki tatu. Nikafungua mdomo. Wakati huo huo Madam akafungua kifuniko cha kalamu yake. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama sentensi ya nne.

Nikasikia sauti inasema, "Nilikuwa nacheza keram, mwalimu." Ilikuwa yangu! Nikajaribu kuifuata niirudishe, ikazidi kukimbia mbele. Nyuma ya kinyozi, ikasema. Miezi minane. Hapakuwa na ugonjwa wala msiba. Nilikuwa bingwa wa mtaa. Nilidhani masomo yatanisubiri.

Mzee wa kikohozi akauliza bingwa wa mtaa gani. Nikamwambia. Akasema zamani zake hapo ndipo alipokuwa anachezea yeye, na ubao ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Nikasema hadi leo umepinda.

Mkuu wa idara hakucheka. Akauliza mtu wa aina hiyo anautakia nini uzamili. Hapo pia nilikuwa na maneno, kurasa mbili za maneno. Nikamweleza habari ya viazi vya Suruj Mia. Matuta sita yalikanyagwa, manne yakaugua. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui. Nimewaza siku tano na sijui, na kule kwenye duka la chakula cha kuku hakuna wa kuniambia. Nilikuwa karibu kulia, mtu mzima wa miaka ishirini na minne.

Wakaniambia nitoke.

Ile homa ya matumbo yote imepotea bure. Nimemwambia Imtiaz kwamba nimeharibu. Akaninunulia chapati ya mvuke yenye sukari guru na nazi, akaketi nami hadi nikamaliza.

Alhamisi, 21 Novemba

NIMECHUKULIWA!

Kwa masharti. Muhula wa kwanza nipate 3.00 au nirudi nilikotoka. Masharti baadaye! Jina langu lipo ubaoni, la mwisho kabisa, chini ya gundi iliyomwagika, lakini lipo. Nimeligusa kwa kidole.

Karani akanionesha barua ya Madam kwenye jalada. Saini tatu. Sentensi ya nne, hajawahi kusema uongo, imekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake ameandika kwa mkono wake: akibanwa, husema kweli. Nimeudhika kidogo. Miaka thelathini ya ualimu, hiyo ndiyo sifa aliyoiona?

Nyumbani nikamkuta Baba kakaa na maboksi sita ya mitai ya kugawia majirani. Nikashangaa, habari amezipata saa ngapi? Akasema hajapata habari yoyote, mitai aliiagiza jana. Nikamuuliza kama ningekosa je? Akasema tungefunga mlango tukaila wenyewe. Kisha akaniambia taratibu, Mama asisikie, kwamba 2.41 yangu aliiona siku ile ile ya kwanza. Kinyozini alipita tu, safari yake ilikuwa ya kwenda chuoni kuusoma ubao wa matokeo. Karibu wiki tatu alikuwa anajua! Hakuniuliza kitu. Nilimkumbatia, akaniambia nisimkunje shati.

Mjomba Kamrul alikula mitai saba. Akasema kigoda kitaendelea kuwepo, elimu haina uhakika.

Jumapili, 24 Novemba

Mwanafunzi wa uzamili! Nimeamka saa tatu, kama inavyomstahili mtu wa cheo changu.

Nimekaa nikatafakari nilivyoshinda, maana ni vizuri mtu ajue nguvu zake. Kwanza mitai. Pili ile homa ya matumbo: nadhani usoni mwangu ilionekana hata bila kutamkwa, wakanihurumia. Tatu kuosha chupa kwa wakati unaofaa. Imtiaz alipoyasikia haya akasema ana kazi, akaondoka.

Madam ameshanipa utafiti wangu. Amenikabidhi mifuko sitini mitupu na orodha ya mashamba sitini, mengine ng'ambo ya pili kabisa, mwendo wa nusu siku. Anataka kujua kwa nini udongo uliokanyagwa sawasawa hauugui sawasawa. Kila mfuko uwe na namba ya shamba lake. Atausoma kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, kasema, mwisho wa Desemba.

Sitini! Madam hana huruma. Lakini nimeketi barazani nikatazama uani kwetu, pale nyuma ya jiko, mahali pazuri pa wazi, na nikajiuliza swali la kisomi. Udongo si udongo? Shimo moja, la kina cha kutosha. Mifuko sitini. Namba tofauti.

Nimeazima jembe kwa Mjomba. Nikianza sasa hivi, hadi adhuhuri nitakuwa nimeyamaliza mashamba yote.